Vihusishi na Viunganishi katika Kiswahili cha Meru na Embu: Uhakiki wa Hoja ya Lugha ya Mama

1. Utangulizi

Malalamiko kuhusu Kiswahili kinachoandikwa na wanafunzi wa Meru na Embu, eneo ambalo tangu mwaka 2013 limo katika kaunti tatu za Meru, Tharaka Nithi na Embu, huelekezwa zaidi kwenye maneno madogo kuliko makubwa. Mwanafunzi huweza kuwa na msamiati mpana na kuzipatanisha ngeli barabara, kisha akajikwaa penye kwa, na, katika, ili au wala. Maelezo yatolewayo kuhusu makosa hayo kwa kawaida huwa ni mamoja tu, kwamba hiyo ni athari ya lugha ya mama. Mwalimu akishatamka hivyo huona kuwa kazi yake imekwisha. Anapiga mstari mwekundu, anapunguza alama, na kumwachia mwanafunzi imani kwamba Kimeru au Kiembu ndicho adui wa Kiswahili chake.

Makala haya yanakusudia kuihakiki hoja hiyo. Haikanushwi hapa kwamba lugha ya kwanza huathiri ya pili. Linalopingwa ni kuitumia kauli hiyo kama ufunguo wa kila mlango. Makosa manne ya kawaida yatachunguzwa, na itaonekana kwamba baadhi yake hayana asili yoyote katika lugha za wenyeji, na kwamba moja linatokana na namna sarufi yenyewe inavyofundishwa.

2. Urithi wa sarufi

Sarufi ya kwanza ya Kiswahili iliyopigwa chapa na Mzungu ni ya J. L. Krapf, Mjerumani, iliyotolewa Tübingen mwaka 1850. Baadaye, mwaka 1870, Edward Steere alitoa kitabu chake cha mwongozo kilichotokana na kazi yake Unguja. Waandishi hao waliyapanga maneno ya Kiswahili katika aina walizozizoea kwao, na kati ya aina hizo kulikuwamo vihusishi na viunganishi. Steere alitambua kwamba vihusishi halisi vya Kiswahili ni vichache mno. Hata hivyo, mpango wa aina za maneno ulibaki, na pamoja nao desturi ya kuorodhesha maneno ya Kiingereza upande mmoja na ya Kiswahili upande wa pili.

E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alijitahidi kuieleza lugha kwa maumbo yake yenyewe na maana zinazobebwa na maumbo hayo. Kwa bahati mbaya, njia hiyo haikushuka yote hadi darasani. Vitabu vingi vya shule viliendelea kuorodhesha vihusishi kana kwamba kila kimoja kina mwenzake wa Kiingereza anayemngojea. Ilhali kazi ifanywayo na vihusishi vya Kiingereza, katika Kiswahili imegawanywa kwa njia mbalimbali: kiambishi tamati cha mahali -ni, mnyambuliko wa kutendea, kihusishi cha -a, maneno machache kama kwa, na na katika, na mara nyingi maana ya kitenzi chenyewe. Mwanafunzi asiyeuona mgawanyo huo hawezi kulaumiwa kwa kulitafutia kila neno la Kiingereza pacha wake.

3. Makosa manne na asili zake

3.1 "Shuleni yetu"

Sentensi kama "Shuleni yetu kuna miti mingi" husikika mara kwa mara. Katika Kiswahili sanifu, nomino ikishapokea -ni huingia katika ngeli ya mahali, na upatanisho wote hufuata: shuleni kwetu, nyumbani mwangu, mezani pake. Hapa hoja ya lugha ya mama ina nguvu. Kikuyu, Kiembu na Kimeru, ambazo Malcolm Guthrie aliziweka katika kundi moja la E50, ni lugha zenye viambishi tamati vya mahali. Lakini katika Kikuyu husemwa nyũmba-inĩ yakwa, na katika Kimeru nyombene yakwa. Kivumishi hubaki na ngeli ya nomino ya asili, hakiijali tamati. Mwanafunzi asemaye "nyumbani yangu" anaitii kanuni, ila kanuni hiyo si ya Kiswahili.

Faida ya kulijua hilo ni kubwa. Haitoshi mwalimu kumwambia mwanafunzi huyo kwamba "yangu" ni kosa. Yampasa amwonyeshe kwamba -ni ya Kiswahili hufanya kazi mbili, kutaja mahali na kubadili ngeli, ilhali tamati anayoijua kwao hufanya moja tu.

3.2 "Ameumwa ni nyoka"

Kosa la pili nalo lina asili ya nyumbani, ila marekebisho yake ndiyo yaletayo matata. Katika lugha za kundi hili mtenda wa kitenzi cha kutendwa hutanguliwa na nĩ, na chombo cha kutendea hutanguliwa na na. Kiswahili hutumia na kwa mtenda na kwa kwa chombo. Kwa hiyo mwanafunzi aandikaye "ameumwa ni nyoka" hajachanganya mambo. Anaitunza tofauti ya mtenda na chombo kama alivyofundishwa na mama yake. Mwalimu hulifuta ni, akaweka na, akapita. Matokeo yake ni kwamba mtenda sasa amechukua neno lililokuwa la chombo, na chombo hakikupewa neno jingine. Ndipo zinapozaliwa sentensi za namna ya "Aliuawa na jambazi na kisu".

Kosa hili halikomei katika insha. Kiswahili kinatofautisha "alikatwa na panga" na "alikatwa kwa panga". Katika sentensi ya kwanza panga limefanywa mtenda. Msikilizaji huweza kudhani kwamba mtu aliteleza shambani, panga likamkata. Katika ya pili panga ni chombo, na nyuma yake yupo mtu aliyelishika. Kwa mujibu wa sheria za Kenya, lugha za mahakama zilizo chini ya Mahakama Kuu ni Kiingereza na Kiswahili. Shahidi wa Runyenjes au Maua ambaye hakufundishwa tofauti hiyo huweza kutoa ushahidi wa jinai ukasikika kama habari ya ajali. Mwalimu aliyelirekebisha neno moja na kuliacha la pili amemfikisha nusu ya njia tu.

3.3 "Nilinunua shati kwa baba yangu"

Hili ndilo kosa linaloifedhehesha zaidi hoja ya lugha ya mama. Mwanafunzi anakusudia kusema kwamba alimnunulia baba yake shati. Alichosema ni kwamba baba ndiye muuzaji, au kwamba shati lilinunuliwa nyumbani kwa baba. Walimu wengi hulihesabu kosa hili pamoja na yale mawili yaliyotangulia. Lakini Kikuyu, Kiembu na Kimeru zote zina mnyambuliko wa kutendea unaofanana na wa Kiswahili kwa asili na kwa matumizi. Mtoto wa Igembe au wa Siakago hatumii kihusishi anaposimulia kwao kwamba amemnunulia baba kitu. Hukinyambua kitenzi, kama Mswahili anavyofanya. Angaliifuata lugha yake, asingalikosea.

Kosa hili basi limetoka wapi? Limetoka katika orodha. Mwanafunzi amefundishwa kwamba neno fulani la Kiingereza ni kwa, akaliamini, akalitumia. Shule ndiyo iliyomtenga na maarifa aliyokuja nayo. Badala ya kuambiwa kwamba lugha yake inamharibia Kiswahili, angaliambiwa aitazame ili aone njia.

3.4 "Fanya haraka ndio tufike mapema"

Katika kosa la nne ndio imeshika nafasi ya kiunganishi ili. Hapa pia watu huelekeza kidole kwa lugha za wenyeji. Upande wa Kikuyu hoja hiyo ina mashiko, maana nĩguo hutumika kuonyesha kusudi, na umbo lake halina tofauti kubwa na ndio ya Kiswahili. Lakini Kimeru kina neno lake mahsusi la kusudi, nalo ni kenda. Mmeru atafsiriye moja kwa moja kutoka lugha yake angelilifikia ili bila shida, kwa kuwa neno huenda kwa neno. Akisema ndio, hakuitoa nyumbani. Ameiokota katika Kiswahili cha mijini, ambako hutumiwa na watu wa makabila yote.

Isitoshe, matumizi hayo hayako mbali sana na usanifu. Kiswahili sanifu hukubali "Fanya bidii ndipo ufaulu". Aliyesema "ndio ufaulu" amekosea kirejeshi tu. Kitenzi chake kimo katika hali tegemezi inayotakikana. Kinyume chake, mwanafunzi aandikaye "ili nitafaulu" ametumia kiunganishi cha kitabuni akaiharibu sentensi. Kati ya wawili hao, wa kwanza ndiye aliyeielewa sarufi zaidi, ingawa katika usahihishaji wa kuhesabu maneno huenda wa pili ndiye akapata alama.

4. Ulinganishi wa nje

Tatizo la maneno madogo si la Meru na Embu peke yake. Wanaojifunza Kijerumani husumbuliwa na vihusishi kama in, an na auf, ambavyo hubadili uhusika wa nomino kufuatana na maana: in die Schule ni kuelekea shuleni, in der Schule ni kuwamo shuleni. Husumbuliwa pia na weil na denn. Maneno hayo mawili hueleza sababu, ila la kwanza hukipeleka kitenzi mwisho wa kishazi na la pili hukiacha mahali pake. Mambo hayo hayaelezeki kwa orodha ya tafsiri. Hufundishwa kwa kuuliza maswali: je, pana mwendo au utulivu? Kitenzi kinakwenda wapi?

Maswali ya namna hiyo yanakifaa Kiswahili pia, ijapokuwa majibu ni tofauti. Mjerumani hutumia zu akienda kwa mjomba, bei akikaa kwake, na von akitoka kwake. Mswahili husema "naenda kwa mjomba", "nakaa kwa mjomba" na "natoka kwa mjomba". Neno kwa halikubadilika, kwa sababu mwendo umo ndani ya kitenzi. Mwanafunzi akilielewa hilo, ataelewa pia kwa nini "nilinunua kwa baba" humfanya baba kuwa muuzaji: kununua ni kupokea kutoka mahali, na kwa inataja mahali hapo.

5. Hitimisho

Katika makosa manne yaliyochunguzwa, mawili yana asili katika lugha za kwanza, moja lina asili katika mafundisho yaliyoegemea Kiingereza, na la nne, kwa Mmeru, ni la Kiswahili cha mitaani. Hoja ya lugha ya mama kwa hiyo ni kweli kwa sehemu, na hapo ndipo penye hatari yake, kwa kuwa sehemu ya ukweli huizuia nyingine isitafutwe.

Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanzishwa mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa nchini Kenya. Tangu hapo alama zinazopotea penye kwa na na zimekuwa na uzito katika maisha ya vijana. Kwa sababu hiyo, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, vihusishi vifundishwe pamoja na mnyambuliko wa kutendea na ngeli za mahali, visitengwe katika sura yao peke yao. Pili, na ya mtenda isifundishwe bila kwa ya chombo katika somo lilo hilo. Tatu, walimu wanaoandaliwa kwa ajili ya shule za eneo hili wapewe maelezo mafupi ya sarufi za Kimeru na Kiembu, ili wajue ni wapi lugha hizo zinapotofautiana na Kiswahili, na ni wapi zinapokwenda nayo bega kwa bega. Pale zinapokwenda pamoja ni pengi kuliko inavyodhaniwa, na hapo mwalimu hana haja ya kufundisha upya kile ambacho mwanafunzi amekuja nacho kutoka kwao.