Wavushaji wa Mabatini

Mwalimu anayeijua kazi hii hamshiki mtoto vidole. Humshika kifundo cha mkono, maana vidole vya mtoto wa darasa la kwanza huteleza kama kambale, na akishachomoka mbele ya Hiace hakuna wa kumrudisha. Mwalimu ninayemsema huvusha watoto Mabatini, Barabara ya Nyerere, jijini Mwanza. Yeye hukaa upande yanakotokea magari, mtoto kwa ndani. Wakifika katikati ya barabara anabadili upande bila kusema neno.

Wanafunzi wake hushuka kutoka vilimani, kwenye nyumba zilizopandana juu ya mawe, kusikopita gari. Watoto wa huko wanajua kurukaruka mawe kabla hawajajua kusimama, kwa hiyo mama huyu huanza na kusimama. Kidole gumba cha mguu kisivuke ukingo wa mtaro, hata kama barabara ni nyeupe. Ndipo lije lile tunalolijua sote: kulia, kushoto, kulia tena. Wengi wetu huishia hapo. Mtoto anageuza shingo kwa madaha, hajaona kitu, nasi tunampigia makofi.

Mwalimu huyu hapigi makofi. Anauliza, "Umeona nini?"

"Gari, Mwalimu."

"Linakuja au limesimama?"

Asiyejua anatazama upya, na foleni nzima inasubiri. Tena huchuchumaa mpaka macho yake yalingane na ya mtoto, kwa sababu ukiwa na kimo kile, daladala iliyoegeshwa ni ukuta. Aliyeshuka kwenye daladala haruhusiwi kupita mbele yake. Ataingoja iondoke, konda apige kelele atakavyo.

Masikio nayo yana somo lao. Mwanza ni mji wa miteremko, na bodaboda wanaobana mafuta hushuka na nyutro, wengine injini wamezima kabisa. Pikipiki inakuja kimya. Ukimfundisha mtoto wa hapa kwamba chombo kinachokuja kitasikika tu, umemdanganya.

Ila ufundi wenyewe niliuona kwenye jambo dogo. Dereva mmoja muungwana alisimama akawapungia watoto wapite. Ningekuwa mimi ningeshukuru na kuvuka. Mwalimu akawazuia. "Huyo ni mtu mwema," akawaambia, "sasa tazameni nyuma yake." Nyuma yake bodaboda alikuwa tayari anachomoka kulipita lile gari, abiria wawili mgongoni, mshikaki kamili. Mwalimu hakumtukana. Alingoja apite, akawauliza watoto walichoona, na safari hii walijibu wote.

Stina Sandels, mwanasaikolojia wa Sweden aliyewachunguza watoto barabarani miaka ya 1960, alisema wazi kwamba mtoto mdogo hawezi kutegemewa kupambana na magari peke yake, hata afundishwe vipi. Gari la kilomita 50 kwa saa hula karibu mita 14 kila sekunde, na hesabu hiyo inawashinda hata watu wazima. Ndiyo maana mwalimu mzuri hufundisha huku mkono wake ungali kwenye kifundo.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva ampishe aliye kwenye kivuko. Miaka zaidi ya hamsini, na bado kusimama kwenye pundamilia tunakuhesabu kuwa hisani. Pale Furahisha, Kirumba, watembea kwa miguu walijengewa daraja lao, likazinduliwa mwaka 2017. Ni jambo jema, ingawa mtoto hawezi kujengewa daraja kila anapovuka.

Zamani, mtu mzima yeyote aliyefika barabarani alikuta mikono midogo imenyooshwa, akaishika, akavusha watoto asiowajua, nao wakamwambia shikamoo. Siku hizi mtu mzima naye anakimbia, simu sikioni. Wazazi wenye uwezo huwapakia wanao kwenye basi la shule, wasio nao humlipa bodaboda abebe watatu kwa mpigo. Somo lenyewe limehamia ukutani: taa tatu za rangi, askari anatabasamu, na darasa lililojaa linaimba kulia, kushoto, kulia tena, madirisha yakiwa yamefungwa kuzuia vumbi la barabara ileile.

Mwalimu wa Mabatini anakaribia kustaafu. Niliuliza shuleni ni nani atakayeshika zamu yake ya asubuhi. Wakanijibu kwamba wameomba bango.