Majibizano ya Mvita na Amu

Wahenga walisema: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Methali hii yafaa kuwa mlango wa mazungumzo yetu juu ya miji miwili ya pwani ya Kenya, Mombasa na Lamu, au kwa majina yapendwayo na washairi, Mvita na Amu. Miji hii ni majirani wa bahari moja, dini moja na lugha moja. Lakini kwa muda mrefu kila mmoja umejiona ndio kitovu cha Uswahili. Nia ya makala hii si kuamua ni upi ulioshinda. Nia yangu ni kuonyesha kwamba ushindani wao umetuachia hazina ya ushairi, na kwamba hazina hiyo tunaisoma nusu.

Tofauti za miji hii hazikosi kumdhihirikia mgeni. Amu ni jirani ya Pate na Siyu, nchi ya kale ya tenzi na wanazuoni. Mvita ni bandari kubwa, mji wa Thenashara Taifa, uliozoea wageni na mabadiliko tangu kabla Wareno hawajaanza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Hata ulimi hutofautiana. Mtu wa Mvita husema jana na jua. Mtu wa Amu husema yana na yua. Kwa tofauti ndogo kama hizi watu hutaniana barazani, na utani huo, ukitiwa siasa, huweza kugeuka uhasama.

Ndivyo ilivyokuwa mwanzoni mwa karne ya 19. Wakati huo Mvita ilitawaliwa na Wamazrui, nao walitaka kuieneza amri yao kaskazini kwa kushirikiana na Pate. Amu ilikataa. Mnamo mwaka 1812 au karibu yake majeshi ya Mvita na Pate yalishuka Shela, kando ya mji wa Lamu, yakashindwa vibaya. Masimulizi husema kwamba maji yalikupwa, vyombo vikapwelewa, na waliotaka kukimbia hawakuwa na njia. Vita hivyo vitabu vya historia huviita Vita vya Shela, na washairi huviita Vita vya Kuduhu.

Kabla ya mapanga, na baada yake, yalipiganwa maneno. Upande wa Mvita lilitoka jina kubwa la Muyaka bin Haji, aliyeishi takriban baina ya mwaka 1776 na 1840, naye alikuwa karibu na watawala wa Kimazrui. Upande wa Amu hutajwa Bwana Zahidi Mngumi, kiongozi wa mji na mshairi pia. Shairi liliweza kusafiri kwa chombo, ama limeandikwa ama limehifadhiwa kifuani, likafika mji wa pili na kungoja jibu.

Sasa na tutazame jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Ili watu wawili wajibizane kwa shairi, sharti kwanza wakubaliane. Wakubaliane juu ya mizani na vina. Juu ya mishororo minne ya ubeti, kila mmoja na ukwapi wake na utao wake. Na juu ya mafumbo, maana fumbo asilolielewa adui halimuumizi. Adabu ya malumbano humtaka mjibu alishike fumbo la mwenzake na kulirudisha likiwa na makali mapya. Akiambiwa chombo chake kitazama, hajibu kwa habari za shamba. Hujibu kwa tanga na mawimbi. Basi wale waliotukanana walikuwa wanafunzi wa chuo kimoja. Zaidi ya hayo, lahaja za kaskazini zilikwisha kuwa lugha ya heshima ya ushairi kabla ya Muyaka kuzaliwa, na hata mshairi wa Mvita hakuweza kuzikwepa. Alipoishambulia Amu, upanga wake ulikuwa na chuma cha Amu ndani yake.

Kwa nini basi twasoma nusu? Sababu moja ni njia iliyotumika kuyahifadhi mashairi. Mashairi mengi ya Muyaka yalikusanywa Mombasa mwishoni mwa karne ya 19 na mmisionari W. E. Taylor, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua. Yakatolewa kitabuni na William Hichens mwaka 1940, na Mohamed Hassan Abdulaziz akayafanyia uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 1979. Tunawashukuru wote. Lakini diwani ya mtu mmoja humtenga msemaji na msemeshwa. Niliwahi kukaa katika darasa la shule moja ya sekondari ambapo mwanafunzi alighani shairi la majigambo kwa sauti nzuri sana. Mwenzake akanyosha mkono akauliza: “Na watu wa Lamu walijibu nini?” Mwalimu hakuwa na jibu, wala mimi sikuwa nalo. Swali lile limenikaa moyoni kuliko shairi lenyewe. Mwaka 1995 Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff walichapisha Mashairi ya Vita vya Kuduhu, ambamo mashairi ya vita hivyo yamewekwa kama majibizano. Hivyo ndivyo yanavyostahili kusomwa.

Isidhaniwe kwamba nayasifu yote. Yako mashairi ambayo, ukiyaondolea vina, yabaki majivuno matupu. Na mshairi anayewahimiza vijana waende vitani, naye akabaki nyumbani na kalamu yake, ana deni. Tena tutazame mwisho wa mambo. Amu, kwa kuogopa kisasi, iliomba ulinzi wa Sayyid Said bin Sultan wa Oman. Ngome ya Lamu ikakamilika mnamo mwaka 1821 chini ya himaya yake. Mwaka 1837 Mvita nayo ikaangukia mikononi mwake. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Kila mji ulivutia ngozi kwake, na ngoma ikachezwa Unguja.

Lakini ushairi ulidumu, na ukapata njia njema kuliko ile ya mwanzo. Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Lamu mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, alifanya sehemu kubwa ya kazi yake Mombasa. Katika Sambo ya Kiwandeo, kilichochapishwa mwaka 1979, aliihifadhi kwa utenzi habari ya chombo cha baharini cha Waamu. Kumbukumbu ya Amu ilitunzwa na mwana wa Amu aliyekaribishwa Mvita. Wala Mvita haikupungukiwa na kitu.

Kwa hiyo nawaomba walimu: msimwulize mwanafunzi ni mji upi uliokuwa na washairi bora. Mwulizeni shairi hili lilimjibu nani, na lilijibiwaje. Someni sauti mbili darasani, upande huu Mvita, upande huu Amu, kila mmoja kwa lahaja yake bila kuchekwa. Mwanafunzi atakayezisikia zote mbili atajua kwamba utamaduni wa taifa ni baraza kubwa, na baraza haifai kuwa na msemaji mmoja.