Vikaratasi vya Thika Road: Ni Nani Anaongea?

Jumamosi moja nilishuka Ruiru, nikazunguka kidogo, kisha nikapanda mathree hadi Thika. Jua likizama mkoba wangu ulikuwa na karatasi tatu ambazo sikuziomba. Moja ilikuwa tangazo la krusedi, nyingine ya daktari wa miti shamba. Ya tatu, ya kung'aa na yenye rangi, ilikuwa ramani ya ploti zinazouzwa huko Barabara ya Garissa.

Wengi wetu hizi karatasi tunazitupa kabla hata gari halijatoka stejini. Mimi siku hizi nazisoma, na hapa nataka kuzisoma vile tunavyosoma riwaya na mashairi: nani anaongea, anaongea na nani, na anataka nini kutoka kwangu. Nina sababu yangu, nitaifikia.

Tuanze na krusedi. Juu kuna mhubiri ameshika maikrofoni, katikati tarehe na uwanja, chini ahadi. Vipofu wataona. Wasio na kazi watapata. Vitenzi vyote viko wakati ujao: hakuna mtu aliyepona jana, kila mtu atapona Jumapili. Halafu kwenye kona, kwa herufi ndogo, namba ya kutuma "mbegu" kwa M-Pesa.

Ukidhani mtindo huu ni wa juzi, pole. Kati ya karatasi za kale zaidi zilizochapwa Ulaya na ambazo zina tarehe ni hati za msamaha wa dhambi, za Mainz, Ujerumani, mwaka 1454. Zilikuwa fomu. Maneno yote yamechapwa tayari, limeachwa pengo tu la kujaza jina la aliyelipa. Yaani karibu wakati uleule Gutenberg akichapa Biblia yake, mashine ilikuwa tayari inatoa risiti za mbinguni. Na kuanzia 1517 Martin Luther alipoipinga biashara hiyo, hoja zake pia zilisambaa kwa vikaratasi. Chombo kilikuwa kilekile. Tofauti ni kwamba Luther alitia jina lake, na alipoitwa kujibu, alienda.

Karatasi ya daktari wa miti shamba ina ufundi wa aina nyingine, ufundi wa orodha. Kisukari, presha, nguvu za kiume, kesi kortini, biashara iliyolala, mpenzi aliyetoroka. Usicheke haraka. Aliyeandika hiyo orodha anamjua mtu wa Ruiru kuliko waandishi wetu wengi. Anajua kwamba anayelala na presha usiku anawaza pia rent, na kwamba vitu hivi viwili havikai vyumba tofauti. Lakini orodha yake haina mwisho. Hakuna hata sehemu moja inayosema: hili siliwezi, nenda hospitali.

Linganisha na kile kitabu cha David Werner ambacho kwa Kiswahili kinaitwa Mahali Pasipo na Daktari. Nacho kimeandikwa kwa lugha nyepesi, kina michoro, kinamlenga mtu asiye na pesa ya kliniki. Ila kila mara kinakuonyesha dalili za hatari na kukwambia hapa usingoje, tafuta msaada. Kitabu kinachokubali mipaka yake kina adabu ambayo karatasi ya stejini haina.

Sasa ramani. Hii ndiyo inayonikosesha usingizi.

Kama ni kazi ya sanaa tu, ile ramani ni nzuri. Barabara ya Garissa imechorwa kama mto mnene mweusi. Ploti ni miraba ya kijani, 50 kwa 100, imepangwa kama meno. Kuna shule, kuna kanisa, kuna mlima Kilimambogo kwa mbali. "Dakika 5 kutoka lami." "Hatimiliki tayari." Ila haina kipimo, haina mshale wa kaskazini, haina namba ya ardhi. Dakika 5 kwa nini? Kwa miguu, kwa boda, ama kwa helikopta?

Shangazi yangu alipewa karatasi kama hiyo miaka kadhaa iliyopita. Anauza mitumba Makongeni. Alitoa akiba ya chama, akaongeza ya kukopa, akalipa. Alipoenda na fundi kuweka nyaya, alikuta mzee analisha mbuzi wake hapo, mwenye hati ya tangu zamani. Ofisi ya waliomuuzia ilikuwa imegeuka saluni. Nilimuuliza, kwa ujeuri wa mtu aliyesoma, "Kwani shangazi, wewe uliamini karatasi ya stejini?" Akaniangalia kwa muda. "Ilikuwa na ramani," akasema.

Nimekaa na jibu hilo sana. Neno la mdomo unaweza kulitilia shaka, lakini mchoro unaonekana kama mahali penyewe.

Na tumewahi kuwa na ramani mbaya zaidi ya hiyo. Miaka ya 1850, wamisionari Johannes Rebmann na Jakob Erhardt, waliokuwa na kituo Rabai karibu na Mombasa, walikusanya habari kutoka kwa wafanyabiashara wa misafara waliotoka bara. Wakachora ziwa moja kubwa ajabu, limelala katikati ya Afrika kama konokono asiye na gamba. Ramani ilichapwa Ulaya 1855 na 1856. Ilikuwa makosa makubwa: walikuwa wameunganisha maziwa matatu kuwa moja. Lakini majina yao yalikuwepo, na walieleza habari wamezipata kwa nani. Kwa hiyo kulikuwa na kitu cha kupima. Burton na Speke walitoka pwani 1857, na mwaka uliofuata wakafika Tanganyika, kisha Speke akaliona lile analoita Victoria. Konokono akavunjika vipande. (Tusijidanganye: maziwa yalikuwa na wenyewe na majina tayari, kama ile ploti ya shangazi.)

Kwangu hapa ndipo uhakiki unapoanza. Ramani ya Rabai ilikosea na ikasahihishwa, kwa sababu kosa lilikuwa na mwenyewe. Ramani ya shangazi haikusahihishwa na mtu. Nimeigeuza mbele na nyuma: simu moja isiyopatikana tena, jina la mtu hakuna, jina la matbaa hakuna.

Kuna waliofanya tofauti, na si mbali. Ukipita Thika ukaendelea na barabara ya kuelekea Nyeri utafika Karatina, mji ambao kwa wasomaji wengi ni wa Gakaara wa Wanjau. Alikuwa mtu wa vijitabu: vya ndoa, vya hadithi, vya siasa. 1948 alitoa kimoja kwa Kiswahili, Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika. Vilikuwa vyembamba kama hivi vyetu vya stejini, lakini jina lake lilikuwa juu. Oktoba 1952 hali ya hatari ilipotangazwa, jina hilo lilimpeleka kizuizini kwa miaka mingi. Shajara ya maisha hayo ilimpatia Tuzo ya Noma 1984. Unaweza kubishana na Gakaara, hata kichwa cha kile kijitabu kina mambo ya kubishaniwa leo. Lakini unajua unabishana na nani.

Huko London, muuza vitabu aliyeitwa George Thomason alikusanya vijitabu na vikaratasi karibu 22,000 kati ya 1640 na 1661, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kwenye vingi akaandika tarehe aliyovipata. Leo viko Maktaba ya Uingereza, na bila yeye vingi vingekuwa vimefungia samaki.

Mimi nina katoni ya viatu tu. Kila karatasi ninayopewa kati ya Ruiru na Thika naandika nyuma: siku, steji, na kama kuna jina la mtu. Nikikuta ya ploti, natafuta namba ya ardhi ya kupeleka ofisi ya ardhi; isipokuwepo, naandika hivyo. Mpaka sasa kwenye katoni mistari mingi inasema "hakuna jina". Ya shangazi iko chini kabisa. Aliniomba nisiitupe, anasema siku moja kuna mtu atataka kuiona.