Kichujio Mlangoni: Umbo la Kapasita za Kauri katika Viunganishi vya Pini Nyingi

Vifaa vya kielektroniki vya ndege hufungwa ndani ya visanduku vya metali ili mawimbi ya sumakuumeme, yaani mawimbi ya aina ya redio na rada, yasipenye na kuvuruga saketi zilizomo, lakini kinga hiyo hudhoofika kila mahali waya unapopita ukutani, kwa kuwa waya unaoleta umeme na taarifa huweza pia kuwa antena. Waya wenye urefu wa sentimita 75, kwa mfano, ni robo ya urefu wa wimbi la megahezi 100, hivyo hulipokea wimbi hilo kwa wepesi na kulifikisha ndani kana kwamba ukuta haupo. Katika viunganishi vya duara vinavyofuata kiwango cha kijeshi cha Marekani cha MIL-DTL-38999, mpangilio mmoja wa ganda namba 25 hubeba pini 128, na maana yake ni kwamba tundu moja la ukuta huweza kuwa na njia 128 za kuingizia usumbufu. Wahandisi waliamua kuuzuia usumbufu huo palepale mlangoni, kwa kuweka kichujio kwa kila pini ndani ya kiunganishi chenyewe, na uchambuzi wa kazi hiyo unaonyesha kwamba mafanikio yake yalitokana zaidi na umbo la kapasita inayochuja kuliko ukubwa wake.

Kapasita ni kifaa chenye bamba mbili za metali, ziitwazo elektrodi, zilizotenganishwa na kihami, na tabia yake ya msingi ni kuupinga mkondo unaobadilika polepole na kuupitisha ule unaobadilika kwa kasi. Kapasita ya nanofaradi 1 iliyounganishwa kati ya pini na erthi, ambayo hapa ni mwili wa chuma wa kisanduku, huonyesha ukinzani wa takriban omu 15,900 kwa ishara ya kilohezi 10, kwa hiyo ishara hiyo huendelea na safari yake bila kudhurika. Lakini kwa usumbufu wa megahezi 100 ukinzani huo hushuka hadi omu 1.6, na usumbufu hupata njia rahisi ya kurudi kwenye erthi. Katika saketi yenye omu 50 kila upande, volti za usumbufu hupungua hadi karibu sehemu moja ya kumi na sita.

Hesabu hiyo, hata hivyo, ni ya kapasita kamilifu, nayo haipatikani kwa kulehemu kapasita ya kawaida kwenye pini, kwa sababu miguu ya waya ya kapasita ina induktansi, yaani tabia ya kupinga mabadiliko ya mkondo, ambayo huwa takriban nanohenri 10 kwa kila sentimita. Kapasita ya nanofaradi 1 yenye mguu wa sentimita moja hufikia kikomo chake karibu na megahezi 50, na kupita hapo mguu ndio unaotawala. Kwenye megahezi 500, ambapo kapasita kamilifu ingeonyesha ukinzani wa omu 0.32, kifaa hicho huonyesha takriban omu 31. Kuongeza ukubwa wa kapasita hakusaidii, kwa kuwa kikwazo kimo katika njia inayoelekea kwenye erthi.

Dawa yake ilikuwa kuondoa miguu kabisa, kwa kuifanya pini ipite katikati ya kapasita na kuiacha erthi iizunguke pande zote, ili mkondo wa usumbufu usambae kutoka kwenye pini kama miale ya gurudumu badala ya kufuata waya mmoja mwembamba. Umbo la kwanza lililotumika sana lilikuwa bomba dogo la kauri lililovishwa kila pini, lenye elektrodi moja ndani na nyingine nje. Bomba hilo lilichuja vizuri, lakini ukuta wake mwembamba ulivunjika kwa urahisi, na kukusanya mabomba mengi yasiyozidi upana wa punje chache za mchele ndani ya ganda moja kulikuwa kazi ya gharama.

Umbo lililofuata, ambalo ni diski bapa, liliunganisha kapasita zote katika kipande kimoja cha kauri kilichotobolewa matundu kwa mpangilio uleule wa pini. Ndani ya diski hiyo, matabaka ya kauri hupishana na elektrodi za aina mbili: elektrodi ya erthi hutanda eneo lote hadi ukingoni, ambako hugusana na ganda, lakini huachwa wazi kuzunguka kila tundu, nayo elektrodi ya pini huwa pete ndogo inayogusa ukuta wa tundu lake na kuishia kabla ya kumfikia jirani. Mpangilio huu ulitoa manufaa ya ziada, kwa kuwa mtengenezaji huweza kubadilisha upana wa pete moja na kuipa pini hiyo ukubwa wake wa kapasita, huku pini ya taarifa za kasi ikiachwa bila kichujio ili ishara yake isimezwe.

Diski nyembamba isingetosha bila kihami chenye nguvu. Kabla ya miaka ya 1940 kapasita nyingi bora zilitegemea ulanga, madini ya aina iliyochimbwa pia katika milima ya Uluguru, ambayo huongeza uwezo wa kuhifadhi chaji takriban mara sita tu kuliko ombwe. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, watafiti wa Marekani, Urusi ya Kisovyeti na Japani, kila upande peke yake, walibaini kwamba kauri ya bariamu titanati huuongeza zaidi ya mara elfu moja. Kwa kauri inayouongeza mara 2,500, pete ya milimita mbili za mraba juu ya tabaka la mikromita 50 hutoa karibu nanofaradi 0.9, na matabaka kumi hutoa karibu 9. Gharama yake ni kwamba kauri ya kundi la X7R, inayotumika sana hapa, huruhusiwa kubadilika uwezo wake kwa asilimia 15 kati ya nyuzi 55 chini ya sifuri na nyuzi 125 juu yake, jambo linalovumilika kwa kichujio ingawa lisingevumilika kwa saa.

Utengenezaji huanza na unga wa kauri uliochanganywa na gundi na kutandazwa kuwa karatasi laini, ambazo huchapishwa elektrodi za wino wa palladi na fedha, hupangwa, hushindiliwa, kisha hutobolewa zikiwa bado mbichi, kwa maana udongo huwahiwa ungali maji. Tanuri la nyuzi zaidi ya 1,000 hugeuza rundo hilo kuwa jiwe moja, lakini, kama kila mfinyanzi ajuavyo, kilichochomwa hunywea, na hapa mnyweo huweza kufika asilimia 15 hadi 20 kwa kila upande. Matundu hutobolewa yakiwa yametawanyika zaidi ya yanavyotakiwa, kwa kadirio linalopaswa kuwa sahihi kiasi kwamba baada ya moto matundu yote 128 yaangukie mahali pa pini zake.

Umbo lililotatua tatizo la umeme lilileta tatizo la kimakanika. Alumini ya ganda hutanuka takriban sehemu 23 kwa milioni kwa kila nyuzi, na kauri takriban 10, kwa hiyo badiliko la nyuzi 100 kwenye kipenyo cha milimita 25 huleta tofauti ya karibu mikromita 33, ambayo ni zaidi ya nusu ya unene wa tabaka moja. Diski iliyolehemiwa kwa ugumu hupasuka, na ufa usioonekana kwa macho huweza kupitisha unyevu na hatimaye mkondo kati ya elektrodi. Ndiyo maana miundo mingi hushika diski kwa springi ndogo kwenye pini na ukingoni, na kila kiunganishi hupimwa uwezo, uhami na ustahimilivu wa volti kabla ya kutumwa.

Mtambo unaohitaji zaidi huongezewa bamba la feraiti, kauri ya sumaku inayogeuza usumbufu kuwa joto, likiwekwa kati ya diski mbili ili kila pini ipate vizuizi vitatu mfululizo. Vidhibiti vya mapigo ya moyo navyo hutumia diski ndogo ya namna hiyo pale waya unapopenya ganda la titani, ili mawimbi ya simu yasifikie saketi inayosikiliza moyo.

Hata hivyo, ustadi wote huo hutegemea mguso wa mwisho kati ya ganda la kiunganishi na ukuta wa kisanduku. Fundi akiacha rangi chini ya ganda, au akilifikisha kwenye erthi kwa kipande cha waya, huirudisha ile induktansi ambayo diski iliundwa kuiondoa, na pini zote 128 hupoteza kinga kwa pamoja.