Viza imebadili jina tu
Siku ya Jamhuri, Desemba 12, 2023, pale Uhuru Gardens, Nairobi, Rais William Ruto alitangaza kwamba kuanzia Januari 2024 mgeni hatahitaji viza kuja Kenya. Mahali pake pakaja ‘idhini ya kielektroniki ya kusafiri’, ada dola 30. Nauliza, jamani: viza ni nini kama si idhini ya kuingia nchini? Anayejaza fomu, akalipa na kungoja jibu kabla ya kupanda ndege bado ameomba viza. ‘Bila viza’ ilikaribia maana yake mwaka 2025, raia wa nchi nyingi za Afrika walipoondolewa sharti hilo. Kiswahili huita yai bovu ‘yai viza’. Ukilihamishia kapu jipya, bado ni viza.