Gae Lenye Jina: Ufinyanzi wa Ogawa Machiko

Waswahili husema: mfinyanzi hulia gaeni. Maana yake inafahamika kwa kila aliyekulia pwani: anayewafanyia watu vyombo vizima, mwenyewe huridhika na kipande kilichovunjika. Kwa Ogawa Machiko, mfinyanzi wa Kijapani aliyezaliwa Sapporo mwaka 1946, methali hii imepata maana nyingine. Kwake gae si salio la kazi. Gae ndilo kazi yenyewe.

Chombo chake hakina mdomo ulionyooka. Kingo zimemeguka mfano wa mwamba uliopigwa na mawimbi; ubavu umepasuka, na mahali pengine ufa umepenya hadi ndani. Nje ni udongo mkavu wenye kukwaruza, kana kwamba kitu hicho kimefukuliwa jana kutoka ardhini. Ndani, chini kabisa, pametuama kioo: mpako ulioyeyuka motoni ukatiririka na kuganda, una rangi ya buluu iliyofifia, kama dimbwi linalosalia mwambani maji yakishakupwa. Mtazamaji hujikuta anainama na kuchungulia. Msanii mwenyewe ameeleza kwamba umbo habuni, bali hulifukua, kwa kuwa limo tayari udongoni. Sisi wahakiki tumezoea kutenga fani na maudhui. Hapa utengano huo hauwezekani, maana ufa ni fani na ni maudhui kwa wakati mmoja.

Njia iliyomfikisha hapo haikuwa fupi. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Sanaa cha Tokyo, akahitimu mwaka 1969. Miongoni mwa walimu wake walikuwamo Fujimoto Yoshimichi na Tamura Koichi, ambao mwaka 1986 serikali ya Japani iliwatambua kuwa hazina hai za taifa, wa kwanza kwa uchoraji wa rangi juu ya kaure, wa pili kwa uchoraji wa rangi itokanayo na chuma. Kutoka kwa mabingwa hao wa nakshi angetarajiwa kutoka mchoraji wa nakshi. Badala yake alikwenda Paris kuendelea na masomo, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaenda Afrika Magharibi, katika nchi iliyoitwa Volta ya Juu hadi mwaka 1984 ilipopewa jina la Burkina Faso. Huko alifuatana na mumewe, mwanaanthropolojia Kawada Junzo, aliyekuwa akichunguza historia ya Wamossi. Alikaa zaidi ya miaka mitatu, akajifunza ufinyanzi kwa wafinyanzi wa mahali pale. Kisha akarudi Japani, na tangu miaka ya 1980 kazi zake zimeonyeshwa nchini kwao na ng'ambo.

Hapa ndipo uhakiki unapoanza kuteleza. Waandishi wengi wanaomweleza Ogawa huitaja Afrika kwa sauti ileile: kwamba huko alikutana na ufinyanzi wa mwanzo wa dunia, udongo usiostaarabishwa, na kwamba ukali wa kingo zake na nyufa zake vimetoka huko. Maelezo haya yanapendeza masikioni, lakini hayasimami.

Tuutazame ufinyanzi wenyewe. Katika sehemu kubwa ya Burkina Faso, kama ilivyo pwani yetu, chungu ni kazi ya mikono ya wanawake, na huko mara nyingi ni wanawake wa koo za wahunzi. Hawana gurudumu la kufinyangia. Mfinyanzi huupiga udongo ukawa ukuta mwembamba, huongeza miviringo juu yake, huinama na kukizunguka chungu badala ya chungu kumzunguka yeye. Vyungu huchomwa kwa kuni na nyasi mahali pa wazi, kwa muda wa saa chache, katika moto usiofikia joto la tanuri la kaure. Moto wa namna hiyo hauna huruma: upepo ukigeuka, kazi ya siku nyingi hupasuka. Na chungu kilichopasuka ni hasara. Tukumbuke kwamba miaka aliyokaa huko ilikuwa pia miaka ya ukame mkubwa wa Saheli. Katika mwaka wa ukame, nani atausifu mtungi unaovuja? Mafundi wale walishindana na ufa maisha yao yote. Kuwabandikia ufa kama zawadi waliyompa mgeni ni kutowatazama.

Mapenzi ya ufa Ogawa aliyakuta kwao. Katika jumba la makumbusho la Gotoh, Tokyo, umehifadhiwa mtungi wa maji wa Iga, uliofinyangwa mapema katika karne ya 17 au karibu na hapo. Umepinda, umevimba, na sehemu yake ya chini imepasuka vibaya tanurini. Mabingwa wa sherehe ya chai hawakuutupa. Waliupa jina, Yaburebukuro, yaani mfuko uliochanika, na leo unalindwa kisheria kuwa mali ya urithi. Hivyo mwenye kutafuta nasaba ya kingo za Ogawa hana haja ya kuvuka bahari. Wala tusizichanganye na ule ufundi wa Kijapani wa kuunga vyombo kwa utomvu na dhahabu. Kule chombo kilikuwa kizima, kikavunjika, kikatengenezwa. Hapa ufa umezaliwa pamoja na chombo, na hakuna anayekusudia kuuziba.

Basi Afrika ilimpa nini? Kwa maoni yangu ilimpa mambo mawili, na yote mawili ni makubwa kuliko ukali wa sura. La kwanza ni mwendo wa mwili. Vyombo vyake vinaonyesha mfinyanzi aliyejenga kwa mikono, akazunguka, akaacha ukuta ufuate uzito wake wenyewe. Ndiyo maana hata vikimeguka havionekani vimevunjwa kwa makusudi ya kuonyeshwa. La pili ni hadhi. Katika karakana za jadi za Japani tanuri lilikuwa la wanaume kwa karne nyingi. Wanawake walisaidia kazi, na jina likabaki la mwenye nyumba. Vyuo vya sanaa viliwafungulia mlango baada ya Vita Vikuu vya Pili, na mwaka 1957 ndipo Tsuboi Asuka na wenzake walipoanzisha Kyoto chama cha wanawake wafinyanzi. Kwa binti aliyetoka katika mazingira hayo, kufika mahali ambapo ufinyanzi ni elimu ya wanawake, inayorithiwa kutoka kwa mama na bibi, halikuwa jambo dogo.

Lakini deni hilo limeandikwaje? Katika muhtasari wa maisha yake unaochapishwa na majumba ya maonyesho, walimu wa Tokyo hutajwa kwa majina na vyeo. Walimu wa Burkina Faso huitwa "wafinyanzi wa kienyeji". Tofauti hii haitokani na desturi ya Kijapani, kwani kule jina lina heshima yake: chombo bora huwekwa katika sanduku la mbao, na mfinyanzi huandika juu yake jina la chombo na jina lake mwenyewe. Bakuli la chai huweza kupewa jina lililochumwa katika shairi. Mtungi uliochanika una jina, na walimu wa miaka mitatu hawana. Sisi wapenzi wa ushairi tunalijua uchungu wake. Watunzi wengi wa kale wa tenzi walihakikisha wamejitaja kabla ya kufunga, ilhali nyimbo nyingi za wanawake zimetufikia bila jina la aliyezitunga. Kejeli ya jambo hili ni kwamba Kawada mwenyewe, katika kitabu alichokitoa mwaka 1976 kuhusu historia ya jamii zisizo na maandishi, alionyesha jinsi nasaba za watawala wa Kimossi zinavyohifadhiwa katika sauti za ngoma. Majina yalikuwapo. Ngoma ziliyatunza ya wafalme, na waandishi hawakuyatunza ya wafinyanzi.

Isidhaniwe kwamba nahafifisha kazi ya Ogawa. Ina udhaifu wake, na udhaifu huo ni wa mazoea: baada ya miaka mingi mmeguko wa ukingo huweza kugeuka kuwa kina kinachotabirika, mshairi akakifikia kabla ya maana kufika. Vipo vyombo vyake ambavyo ufa umewekwa pale ulipotarajiwa. Lakini vile vilivyo bora, ambavyo udongo wa kawaida na ule wa kaure vimeshikana katika ukuta mmoja, kila mmoja ukisinyaa kwa kadiri yake na kuuvuta mwenzake, vina ukweli usiopatikana kwa hila. Humo ufa ni ushahidi wa vitu viwili vilivyokubali kuchomwa pamoja bila kufanana. Sijui maelezo bora zaidi ya maisha yaliyopitia Sapporo, Paris na Volta ya Juu.

Msanii ametimiza wajibu wake. Uliobaki ni wa waandishi na wahifadhi: watakapochapa tena wasifu wake, wafungue madaftari ya miaka ile, waulize walioishi humo, na pale panapoandikwa "wafinyanzi wa kienyeji" waandike jina la mwanamke mmoja, kisha la pili.