Njia za Kundi na Hatima ya Kina: Uhakiki wa Upangaji wa Sauti katika Taarabu Inayorekodiwa Nyumbani Unguja

Sehemu hii inahakiki namna sauti za waimbaji zinavyokusanywa na kuelekezwa katika programu za kurekodi zinazotumika majumbani, kwa kuzingatia taarabu ya Unguja. Hoja inayojengwa ni kwamba uamuzi huu, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa wa kiufundi tu, ni uamuzi wa kifasihi. Huo ndio unaoamua iwapo kina cha shairi kitamfikia msikilizaji.

Katika taarabu mwimbaji kiongozi hubeba beti, nao waitikiaji hupokea kiitikio. Uhusiano huo ulikuwapo kabla ya mitambo ya treki nyingi. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alipokwenda Bombay na wenzake mwaka 1928 kurekodi santuri, hapakuwa na nafasi ya kutenganisha sauti baada ya kuimbwa. Uwiano uliamuliwa chumbani, kwa nguvu ya koo na kwa umbali wa kila mtu kutoka kwenye chombo cha kunasia. Aliyetakiwa kusikika zaidi alisogea, na aliyetakiwa kusikika kidogo alirudi nyuma. Kwa maana hiyo, madaraja ya sauti yalipangwa na wasanii wenyewe, ambao waliyajua maneno na walijua wapi pa kuyapisha.

Leo kazi hiyo inafanyika katika kompyuta. Kila mwimbaji huweza kuwa na treki yake, na treki kadhaa hupelekwa katika njia moja ya kundi, ambayo katika programu hizo huitwa basi, kabla ya kufika kwenye njia kuu. Faida yake ni bayana. Waitikiaji wanane huweza kupandishwa au kushushwa kwa kitelezi kimoja pasipo kuharibu uwiano uliopo baina yao. Aidha, kompresa moja huweza kuwashika wote kwa pamoja, wakasikika kama kundi lenye pumzi moja. Sifa hii inalingana na hadhi ya waitikiaji katika taarabu, kwani wao ni umoja unaojibu, si watu wanane wanaoshindana.

Tatizo huzuka pale sauti zote za watu, kiongozi na waitikiaji, zinapotiwa katika njia moja kwa sababu tu zote ni sauti za watu. Kompresa haimtambui mwimbaji; inapima jumla. Chukulia kwamba kila sauti ina kiwango cha desibeli -20, na kompresa imewekwa kuanza kubana kwenye -18 kwa uwiano wa 4 kwa 1. Kiongozi akiimba peke yake haguswi. Sauti nane tofauti zikiingia pamoja, jumla yake hupanda kwa takribani desibeli 9 na kufika -11. Hapo kompresa hupunguza takribani desibeli 5 katika kila kilichomo ndani ya njia hiyo, akiwamo kiongozi ambaye hakuongeza nguvu hata kidogo.

Hasara ya kupungua huko inategemea mahali kunapotokea. Mashairi mengi ya taarabu hufuata urari wa vina na mizani, na kina cha mwisho hukaa katika silabi ya mwisho ya mshororo. Waitikiaji wanapoingia kabla kiongozi hajaikamilisha silabi hiyo, kinachobanwa ni kina chenyewe. Tena, ikiwa kompresa imewekwa kuachia polepole, silabi za mwanzo za ubeti unaofuata nazo huanza zikiwa zimefifia. Hivyo ubeti hupungukiwa katika miisho yake miwili. Katika utanzu ambao fumbo hutegemea neno moja, na ambao hadhira humtunza mwimbaji pale neno linapomgusa mtu, upungufu huo si mdogo.

Huenda ikadaiwa kwamba kutenganisha njia hakutoshi, kwa kuwa sauti nane bado zinaweza kuifunika moja. Dai hili lina ukweli. Hata hivyo, kiongozi anapokuwa na njia yake, kundi la waitikiaji huweza kushushwa peke yake, au kompresa ya kundi hilo ikaamrishwa na sauti ya kiongozi ili wapishe anapoimba. Zote mbili zikiwa njia moja, kushusha kundi ni kumshusha na kiongozi.

Mwangwi nao unahitaji mpangilio huohuo. Ikiwa kila mwitikiaji anapelekwa kwenye mwangwi kutoka katika treki yake, kukishusha kitelezi cha kundi hakuupunguzi mwangwi wake. Waitikiaji husikika kama waliohamia chumba cha mbali, ilhali lengo lilikuwa wapunguze sauti tu. Mwangwi ukichukuliwa baada ya kitelezi cha kundi, hushuka pamoja nao. Njia ya kiongozi nayo ikipelekwa katika mwangwi uleule, utengano wa njia hauvunji hisia kwamba wote wako ukumbi mmoja.

Umuhimu wa jambo hili unavuka starehe ya usikilizaji. Watafiti wa fasihi hunukuu mashairi kutoka katika rekodi, kisha huhesabu mizani na kuainisha vina. Silabi isiyosikika huandikwa kwa kubahatisha, na mtunzi huhukumiwa kwa guni ambalo hakulitunga. Kwa mintarafu hiyo, rekodi inayowekwa katika hifadhi ingefaa iambatane na faili za njia za kundi zilizotenganishwa, angalau ya kiongozi na ya waitikiaji, kabla ya kubanwa. Pasipo hizo, mhakiki hana namna ya kubainisha kama kasoro ya kina ni ya mtunzi, ya mwimbaji au ya aliyepanga njia za sauti.